Kabla ya Kuhama Chuo: Jinsi ya Kuchagua Masomo Yatakayokubaliwa Mbele

Kila Januari, Mei na Septemba, matatu za kaunti hii hubeba masanduku ya chuma na magodoro ya wanafunzi wanaoelekea vyuoni. Si wote wanaoanza masomo kwa mara ya kwanza. Wamo walioanza kwingine na sasa wanahama: kutoka chuo cha ufundi cha kaunti kwenda taasisi ya kitaifa ya kiufundi, kutoka diploma kwenda chuo kikuu, au kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine chenye kozi wanayoitaka.

Wengi hufika na bahasha ya matokeo mkononi wakitarajia kuendelea pale walipoachia. Kwenye meza ya usajili ndipo baadhi yao huambiwa waanze upya, au warudie masomo waliyokwisha kuyafaulu. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipia Hisabati ya mwaka wa kwanza hujikuta akitafuta ng'ombe wa pili kulipia Hisabati ileile.

Hasara hiyo kwa kawaida haianzi siku ya kuhama. Huanza siku mwanafunzi anapochagua masomo katika chuo cha kwanza bila kujua chuo cha pili kinataka nini. Somo la toleo hili linahusu uchaguzi huo, na kanuni yake ni moja: anayepanga kuhama achague masomo kwa kuangalia anakokwenda, na apate jibu la chuo hicho kwa maandishi kabla ya kulipa karo.

MANENO MATATU YA KUTOFAUTISHA

Kozi ni mpango mzima wa masomo unaomalizikia kwenye cheti, diploma au shahada. Yuniti ni somo moja ndani ya kozi, kama Stadi za Mawasiliano au Uhasibu wa Fedha. Kiwango ni ngazi ambayo kozi hiyo inakalia katika mfumo wa kitaifa wa vyeti.

Mfumo huo uliwekwa na sheria ya mwaka wa 2014 na unasimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya kutambua vyeti, KNQA. Una viwango 10. Cheti cha fundi wa kawaida, kile cha artisan, kiko kiwango cha 4. Cheti cha ufundi cha craft kiko kiwango cha 5, diploma kiwango cha 6, na shahada ya kwanza kiwango cha 7.

Tofauti hizi zina maana kubwa kwa anayehama. Mwanafunzi anaweza kuhama na kozi yake nzima, yaani kutumia cheti alichomaliza kama tiketi ya kuingia kozi ya juu zaidi. Anaweza pia kuhama na yuniti chache tu, akiomba asamehewe zile alizokwisha kuzisoma. Hayo ni maombi mawili tofauti, na chuo huyajibu kwa njia tofauti. Anayeyachanganya huambiwa amekubaliwa, akadhani yuniti zake zimekubaliwa pia, kumbe amepewa nafasi ya kuanza mwaka wa kwanza.

NJIA TATU ZA KUHAMA

Njia ya kwanza ni kutoka chuo cha ufundi cha kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Vyuo vikubwa vya kiufundi na vyuo vikuu vilibaki chini ya serikali ya kitaifa. Kijana anayemaliza ufundi wa umeme au wa mabomba katika chuo cha kaunti na kutaka kuendelea na kiwango cha 5 au cha 6 anavuka kutoka serikali moja kwenda nyingine, lakini vyeti vyote vinapimwa kwa mfumo mmoja wa kitaifa.

Njia hii ni ya thamani kubwa kwa waliopata alama za chini katika KCSE. Kwa kawaida diploma huhitaji gredi ya C-, na cheti cha craft huhitaji D. Aliyekosa alama hizo anaweza kuanza na cheti cha artisan na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Ili apande, lazima cheti cha chini kiwe kimekamilika na kiwe cha fani inayohusiana na ile anayoitaka. Aliyesomea ushonaji hawezi kutegemea cheti hicho kimfungulie mlango wa umeme.

Njia ya pili ni kutoka diploma kwenda shahada. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule ya upili huhitaji C+ katika KCSE. Wasioipata huweza kupitia diploma. Vyuo vikuu vingi hutaka diploma hiyo iwe ya fani inayohusiana na shahada, na iwe imepitwa kwa daraja la krediti au zaidi. Baadhi ya vyuo humruhusu mwenye diploma nzuri kuingia mwaka wa pili wa shahada. Vingine humpokea mwaka wa kwanza na kumsamehe yuniti chache. Vingine havimsamehi hata moja.

Njia ya tatu ni ya wale waliopewa nafasi na KUCCPS, shirika linaloratibu nafasi za wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo anuwai. Anayetaka kubadilisha chuo au kozi aliyopewa hufanya hivyo kupitia akaunti yake katika tovuti ya KUCCPS, wakati dirisha la uhamisho linapofunguliwa. Dirisha hilo hukaa wazi kwa muda mfupi. Ili ombi likubaliwe, mwanafunzi lazima awe ametimiza masharti ya masomo ya KCSE kwa kozi anayoitaka, awe na pointi zinazofikia kikomo cha kozi hiyo, na nafasi iwepo.

Hapa mzazi aelewe jambo moja. Njia hii ya tatu huangalia KCSE, haiangalii masomo aliyosoma mwanafunzi chuoni. Aliyekosa pointi za kozi fulani hatazipata kwa kufanya vizuri katika muhula wa kwanza wa kozi nyingine. Akikosa dirisha, itabidi azungumze na chuo chenyewe, na masharti huwa ya chuo hicho.

MAMBO MANNE YANAYOAMUA

Chuo kinachompokea mwanafunzi ndicho kitakachotia sahihi kwenye cheti chake cha mwisho. Kwa hiyo chuo hicho ndicho chenye neno la mwisho kuhusu yuniti gani kinaikubali. Kwa kawaida huangalia mambo manne.

La kwanza ni idhini. Je, chuo cha kwanza kiliruhusiwa kufundisha kozi ile? Vyuo vya kiufundi hupewa leseni na mamlaka ya elimu na mafunzo ya kiufundi, TVETA. Vyuo vikuu na kozi zao huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kinaweza kuwa na leseni lakini kozi moja ndani yake ikawa haina idhini. Matokeo ya kozi kama hiyo hayana pa kwenda, hata yawe ya juu namna gani. Orodha za vyuo na kozi zilizoidhinishwa hupatikana katika tovuti za mashirika hayo mawili.

La pili ni nani aliyetahini. Hili ndilo ambalo wengi hawaliulizi, ilhali lina uzito sana. Kuna mitihani ya kitaifa na kuna mitihani ya ndani ya chuo. Karatasi za uhasibu za KASNEB, kwa mfano, ni za kitaifa. Aliyefaulu karatasi ya CPA akiwa mji mmoja hahitaji kuirudia akihamia mji mwingine, kwa sababu matokeo yako KASNEB na hayategemei chuo alikosomea. Mitihani ya KNEC na tathmini za TVET CDACC nazo ni za kitaifa. Lakini yuniti iliyotungwa, kufundishwa na kusahihishwa na chuo chenyewe hutegemea chuo kingine kikubali kuiamini.

La tatu ni yaliyomo. Yuniti mbili zinaweza kuwa na jina moja na mambo tofauti ndani yake. Hisabati ya diploma ya ushirika na Hisabati ya diploma ya uhandisi si kitu kimoja. Chuo kinachopokea hulinganisha silabasi mada kwa mada, saa za mafunzo, na kiwango. Yuniti ya kiwango cha 4 haiwezi kuchukua nafasi ya yuniti ya kiwango cha 6 kwa sababu tu zote zinaitwa Mawasiliano.

La nne ni alama. Kufaulu pekee mara nyingi hakutoshi. Katika matokeo ya KNEC ya diploma, alama 1 na 2 ni distinkshoni, 3 na 4 ni krediti, na 5 na 6 ni pasi. Mwenye pasi amefaulu na atapewa diploma yake. Hata hivyo, chuo kikuu kinachotaka krediti kinaweza kumkataa. Anayepanga kuhama asijiwekee lengo la kupita tu. Ajue mapema alama inayotakiwa kule anakokwenda.

MTAALA UNAOBADILIKA

Serikali imekuwa ikihamisha vyuo vya kiufundi kutoka kozi zinazotahiniwa na KNEC hadi mtaala wa umahiri, unaojulikana kama CBET. Katika mtaala huo, mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya, na kila yuniti hutahiniwa peke yake.

Yuniti za CBET ziko katika makundi matatu. Za msingi ni kama mawasiliano, hesabu, matumizi ya kompyuta, ujasiriamali, utunzaji wa mazingira, na usalama kazini. Za pamoja ni zile zinazotumiwa na fani kadhaa zinazokaribiana. Za fani ni zile za kazi yenyewe, kama kufunga nyaya za umeme au kutengeneza injini.

Kwa anayehama ndani ya kozi ileile na kiwango kilekile, mtaala huu una nafuu, kwa kuwa vyuo vyote hufuata viwango vilevile vya kitaifa. Kwa anayehama kati ya mitaala miwili, hali ni ngumu zaidi. Mwanafunzi aliyefanya sehemu ya kwanza ya diploma ya KNEC, akakatiza masomo kwa kukosa karo, anaweza kurudi na kukuta chuo anachokitaka kinafundisha CBET pekee. Kabla ya kuhama, aulize kama darasa la mtaala wake bado lipo. Kama halipo, aulize ni nini kitatambuliwa katika yale aliyokwisha kuyafanya.

AANZE NA YUNITI ZIPI?

Si kila chuo humwachia mwanafunzi nafasi ya kuchagua. Katika kozi nyingi za kiufundi, yuniti za muhula zimepangwa tayari. Lakini kuna sehemu tatu ambapo uchaguzi upo: kozi yenyewe anayojiunga nayo, yuniti za hiari, na mpangilio wa nini kitangulie ikiwa hana uwezo wa kulipia zote kwa wakati mmoja.

Kuhusu kozi, achague ile iliyo kwenye mstari mmoja na kozi ya mwisho. Anayetaka shahada ya uhandisi wa umeme aanze na diploma ya umeme, hata kama diploma nyingine ina karo nafuu au iko karibu na nyumbani. Ahakikishe pia masharti ya KCSE ya shahada hiyo. Kozi kadhaa, hasa za uhandisi na afya, huangalia alama za masomo fulani ya shule ya upili hata kwa mwombaji mwenye diploma. Taaluma hizo zina mabaraza yake, kama Baraza la Wauguzi na Bodi ya Wahandisi, na chuo kikimkubali mwanafunzi bila masharti ya baraza kutimizwa, anaweza kumaliza masomo na kukosa usajili wa kufanya kazi.

Kuhusu yuniti, zilizo salama zaidi kuzitanguliza ni zile ambazo karibu kila kozi ya fani hiyo inazo katika mwaka wa kwanza, na ambazo ni ngazi ya kufikia nyingine. Katika biashara, hizo ni uhasibu wa mwanzo, uchumi, hisabati ya biashara na sheria ya biashara. Katika ufundi na uhandisi, ni hisabati, sayansi ya uhandisi na uchoraji wa kiufundi.

Zilizo na hatari zaidi ni zile zilizotungwa kwa ajili ya chuo kimoja, yuniti za ubobezi wa mwisho wa kozi, na mradi wa mwisho. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi afanye mradi wake chini ya usimamizi wao. Anayejua atahama asiharakishe kuzilipia hizo. Mafunzo ya kazini, yale ya atachimenti, nayo ayaulizie: mengine hutambuliwa, mengine hurudiwa.

ZOEZI LA KALAMU NA KARATASI

Zoezi hili linaweza kufanywa na mwanafunzi na mzazi wake mezani nyumbani kwa muda wa saa moja. Mfano ni wa kubuni, lakini masomo yaliyotajwa ni ya kawaida.

Msichana anasomea diploma ya usimamizi wa biashara na anataka kuendelea na shahada ya biashara. Anachora safu tatu kwenye karatasi. Safu ya kwanza anaandika yuniti za diploma yake. Safu ya pili anaandika yuniti za miaka miwili ya kwanza ya shahada, kutoka kwenye mwongozo wa chuo kikuu anachokitaka. Safu ya tatu anaiacha kwa maelezo.

Uhasibu wa Fedha uko pande zote mbili. Anasoma silabasi zote mbili na kuona mada nyingi zinalingana. Anaandika: iombewe msamaha. Uchumi upo pande zote, lakini chuo kikuu kimeugawa katika yuniti mbili, naye amesoma sehemu ya kila moja. Anaandika: ulizia, huenda ikakubaliwa moja au isikubaliwe yoyote. Sheria ya Biashara ipo na inalingana, ila alama yake ni 5. Anaandika: alama ni ndogo. Usimamizi wa Ofisi haupo kabisa upande wa shahada. Anaandika: ni ya diploma tu. Takwimu ni yuniti ya hiari katika diploma yake, naye alikuwa ameiruka akichagua nyingine aliyoiona rahisi. Upande wa shahada, Takwimu ni ya lazima.

Karatasi hiyo imemwambia mambo matatu. Katika muhula unaofuata achague Takwimu. Akipata nafasi ya kurudia Sheria ya Biashara ili kuinua alama, ajue ni kwa nini anairudia. Na asihesabu msamaha wa yuniti zaidi ya mbili au tatu anapopanga karo ya shahada. Akipata zaidi, itakuwa nafuu. Akipata chache, hatakuwa amekopa kwa matumaini.

Zoezi hili hufaa zaidi likifanywa mwanzoni mwa kozi. Katika muhula wa mwisho, yuniti za hiari zimekwisha kuchaguliwa, na alama zimekwisha kuandikwa.

AMALIZE KWANZA AU AHAME SASA?

Hili ndilo swali linalozua mabishano nyumbani. Mwanafunzi anaona anapoteza muda. Mzazi anaona karo iliyokwisha kulipwa.

Kwa kawaida cheti kilichokamilika kina nguvu kuliko nusu ya kozi. Diploma kamili hukubaliwa kama tiketi ya kuingia shahada, na hata safari ikikatika, mwenye nayo anaweza kutafuta kazi. Yuniti 15 zilizofaulu bila diploma si cheti cha kuajiriwa, na thamani yake iko mikononi mwa chuo kitakachozipokea. Aliyebakiza muhula mmoja au miwili, mara nyingi afadhali amalize.

Kuna hali ambapo kuhama mapema ni busara. Mojawapo ni pale mwanafunzi anapogundua kwamba chuo au kozi yake haina idhini. Kila muhula anaokaa hapo unaongeza hasara. Nyingine ni pale anapobadilisha fani kabisa, kwa mfano kutoka biashara kwenda uuguzi, kwa kuwa yuniti atakazozidi kuzisoma hazitamsaidia kule. Ya tatu ni sababu za nyumbani kama ugonjwa au kufiwa na mlipaji karo, ambapo kukaa karibu na nyumbani ndiko kutakakomwezesha kusoma hata kidogo.

Katika hali ya mwisho, ni vyema mwanafunzi aombe ruhusa rasmi ya kusimamisha masomo badala ya kuondoka kimya. Anayetoweka bila barua huenda akakuta karo ya mihula asiyosoma imeandikwa kuwa deni lake, na deni hilo linaweza kuzuia hati yake ya matokeo.

PESA HAZIHAMI ZENYEWE

Ufadhili mwingi umefungwa kwenye chuo na kozi. Ufadhili wa serikali ya kitaifa kwa karo ya chuo hutolewa kwa waliopewa nafasi kupitia KUCCPS. Anayeacha nafasi hiyo na kujiandikisha mwenyewe kwingine anaweza kulazimika kulipa karo yote. Mkopo wa HELB, sehemu yake ya karo, hulipwa moja kwa moja kwa chuo. Mwanafunzi aiarifu HELB kabla ya fedha za mwaka kutumwa, la sivyo zitakwenda chuo alichokiacha.

Basari nazo hulipwa kwa jina la chuo kilichoandikwa kwenye fomu. Aliyeomba basari akiwa chuo kimoja, kisha akahama, apeleke barua ya kukubaliwa na chuo kipya katika ofisi iliyompa basari mapema iwezekanavyo. Hundi ikishaandikwa, kuibadilisha huchukua muda, na chuo kipya hakitasubiri.

Katika bajeti ya kuhama, familia ihesabu pia ada ya maombi, ada ya usajili mpya, malipo ya kukaguliwa kwa yuniti kama yapo, na yuniti zitakazorudiwa. Mahali pengine yuniti iliyosamehewa hulipiwa ada fulani. Ni vyema kuuliza.

KARATASI ZA KUBEBA

Mwanafunzi akusanye hizi akiwa bado katika chuo cha kwanza, maana kuzifuata baadaye hugharimu nauli na siku:

1. Hati rasmi ya matokeo, ile wanafunzi huiita transkripti, yenye muhuri na sahihi.
2. Silabasi ya kila yuniti anayotaka itambuliwe, ikionyesha mada na saa za mafunzo. Matokeo bila silabasi hayamwezeshi mkaguzi kulinganisha chochote.
3. Barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba alikuwa mwanafunzi na ameondoka kwa utaratibu.
4. Fomu ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, iliyotiwa sahihi na maktaba, karakana, bweni na ofisi ya fedha.
5. Cheti cha KCSE na vyeti vingine, pamoja na nakala zilizothibitishwa.
6. Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ya kazini, kilichotiwa sahihi na msimamizi.

MASWALI YA KUULIZA CHUO KIPYA

Maswali haya yapelekwe kwa ofisi ya msajili au mkuu wa idara husika. Yaandikwe katika barua au baruapepe, na jibu lihifadhiwe. Neno la mtu langoni, au la wakala aliyekuja sokoni na vipeperushi, halitasaidia mbele ya kamati ya usajili.

1. Je, kozi hii ina idhini ya TVETA au CUE?
2. Mnapokea wanaohama katika kozi hii, na katika mwaka upi?
3. Ni yuniti zipi kati ya hizi nilizoorodhesha mtazitambua, na kwa alama gani?
4. Kuna kikomo cha yuniti zinazoweza kusamehewa?
5. Matokeo yakikaa muda mrefu, kuna mwaka ambao hayatambuliwi tena?
6. Nani hufanya uamuzi, na hutoka lini: kabla au baada ya kulipa karo?

Swali la sita ndilo la kushikilia. Chuo kinachosema uamuzi utatolewa baada ya malipo kinamwomba mwanafunzi anunue bila kujua bei. Ana haki ya kuomba ajibiwe kwanza. Akikosa jibu, angalau apange fedha zake kana kwamba ataanza mwaka wa kwanza.

KWA WANAOJIUNGA MUHULA UJAO

Aliye na mpango wa kuhama mwaka ujao ana kazi ya kufanya muhula huu. Apate mwongozo wa kozi anayoitaka, achore safu tatu, achague yuniti za hiari kwa kufuata safu hizo, na atume barua ya maswali sita. Asiye na mtandao nyumbani, au asiyejua pa kuanzia, amwone mkuu wa chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye, au afike ofisi ya wadi aelekezwe kwa idara ya elimu na mafunzo ya ufundi. Aende na hati ya matokeo aliyo nayo na jina la kozi anayoitaka. Kwa hizo mbili, afisa ataweza kumwonyesha masharti ya kuingia na ofisi ya kuandikia.